Motokari ya 1928 na kamyo ya baba mdogo

Wiki tatu zilizopita ku kikundi chetu cha kusoma tulibishana mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Kitabu kilikuwa "Spark Your Dream" cha Candelaria na Herman Zapp, bibi na bwana wa Argentina waliotoka Buenos Aires tarehe 25 Januari 2000 ndani ya motokari ya mwaka 1928, wakisema wanaenda Alaska. Nusu ya kikundi ilisema ndicho kitabu kizuri kuliko vyote tulivyosoma mwaka huu. Nusu ingine ilisema ni hadithi ya watu wenye muda wa kuchezea. Mimi nilinyamaza. Wanaonijua watashangaa, lakini nilinyamaza juu sikujua niko upande gani. Sasa nimekisoma mara ya pili, pole pole, na kamusi pembeni kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuokota, na niko na la kusema.

Kwanza habari yenyewe, kwa wale ambao hawakufika siku ile.

Herman alikuwa na miaka 31, Candelaria 29. Walikuwa na kazi, walikuwa wanajenga nyumba, walikuwa na miaka sita ya ndoa. Tangu ujana walikuwa wamejiahidi kusafiri na kila mwaka walisogeza mbele. Kiisha wakanunua Graham-Paige, gari la Marekani ambalo kampuni yake iliacha kutengeneza magari mwanzoni mwa miaka ya 1940. Magurudumu yana mikono ya mbao. Mwendo wake ni kama kilomita 50 au 60 kwa saa, na hapo barabara iwe nzuri. Wakaliita Macondo Cambalache: Macondo ni kile kijiji cha García Márquez, Cambalache ni duka la vitu vya zamani vilivyorundikana, na pia ni jina la tango moja maarufu kwao. Walipanga miezi sita. Wakafika Alaska baada ya zaidi ya miaka mitatu, na mtoto wa kwanza alikuwa amekwisha kuzaliwa njiani, Marekani. Kitabu kinaishia huko. Lakini wao hawakuishia huko: waliendelea mpaka Machi 2022, miaka 22, nchi 102, karibu kilomita 362.000, watoto wanne, kila mmoja na nchi yake ya kuzaliwa: Marekani, Argentina, Canada, Australia. Watoto walipoongezeka, gari lilikatwa katikati na kurefushwa. Nilicheka niliposoma habari hiyo, juu hilo ni jambo ambalo fundi yeyote wa kwetu angefanya bila kuuliza maswali mawili.

Sasa, kitabu.

Kitu ambacho wasomaji wengi hawakuona, na ambacho kwangu ndicho nguvu yake yote, ni kwamba gari ndilo lilioandika hadithi. Mutu akisafiri na gari jipya la magurudumu manne yenye nguvu, na friji ndani, na mitungi ya mafuta juu, anapita vijiji kama risasi. Hana haja na mutu. Hawa wawili walikuwa na gari linaloharibika. Mikono ya mbao ikikauka inalegea na kulia, lazima uilowanishe. Pyese hazipatikani dukani popote, kwa hiyo lazima utafute mutu mwenye mashine ya kuchonga chuma, na huyo mutu lazima umkute nyumbani kwake, na ukishamkuta nyumbani kwake saa ya chakula imefika. Hivyo kila baada ya kilomita kadhaa kuna mlango unafunguka. Ukurasa kwa ukurasa tunaingia nyumba za watu: tunakula, tunalala, tunaambiwa shida za familia, tunaondoka na anwani ya binamu aliye mji unaofuata. Walipofika Ecuador pesa ikaisha. Bibi akaanza kuchora ndege, bwana akatengeneza fremu, wakauza. Kiisha wakashuka mto Napo mpaka Amazon, motokari ikiwa imepakiwa juu ya chombo cha maji. Hapo kitabu kinapumua. Hakuna maneno makubwa, kuna kamba, mbao, mbu, na hesabu ya kama chombo kitabeba uzito.

Mutu moja ku kikundi alisema: "Kama wangechukua ndege wangefika siku moja." Sawa, lakini kusingekuwa na kitabu. Na hata kama wangechukua Land Cruiser kusingekuwa na kitabu hiki, kungekuwa na kile kingine, kile cha mutu anayepiga picha mlima halafu anajipiga picha mbele ya mlima.

Udhaifu wake sasa. Kila sura nzuri inafungwa na mahubiri. Wanatoka kutueleza namna gani fundi mmoja alikesha kuwasaidia, na badala ya kumwacha fundi mbele yetu, wanageuka kutuambia ndoto, ndoto, amini ndoto, shinda woga, anza leo. Mara ya kwanza unaitika. Mara ya kumi na tano unaruka mistari. Ni makosa ya uandishi, si makosa ya roho, naamini wanayasema kwa moyo safi. Lakini yanaharibu kazi yao wenyewe, juu mahubiri yanasema kwamba safari ilitoka ndani ya vifua vyao, wakati hadithi yenyewe inaonyesha kwamba ilitoka mikononi mwa watu mia kadhaa waliofungua milango. Ukiondoa mahubiri kitabu kinapungua robo na kinakuwa kizuri mara mbili.

Na hapa nataka kusema na wadogo zangu waliotoka inivasite mwaka jana, wale ambao ku kikundi walipiga makofi kwa mahubiri kuliko kwa hadithi. Nawaelewa. Mutu akiwa na diplome ndani ya bahasha ya plastiki, na barua ishirini za kuomba kazi ambazo hazijajibiwa, neno "anza na ulichonacho" linaingia kama maji baridi. Shida ni kwamba Candelaria na Herman walikuwa na kitu kimoja ambacho hawakihesabu katika "walichonacho": pasipoti. Pasipoti ya Argentina inaingia nchi nyingi sana bila viza. Kitabu kinazungumza woga wa kuacha kazi, woga wa kukosa pesa, woga wa njia mbaya. Woga wa kusimama mbele ya dirisha la ubalozi na kuombwa barua ya benki, kitabu hakiujui. Siwalaumu, mutu haandiki ukuta ambao hajawahi kuugonga. Lakini msomaji wa hapa lazima auweke ukuta huo mwenyewe, pembeni ya ukurasa, kwa kalamu. Mimi nimefanya hivyo. Nakala ya kikundi sasa iko na maandishi yangu ya Bic, na mweka hazina atanisamehe.

Wale wa upande wa pili nao, waliosema "mambo ya wazungu", niwaombe kitu. Linganisheni kitabu hiki na safari ingine ya motokari ambayo inatuhusu moja kwa moja na ambayo mingi yetu hatukufundishwa: ile ya Citroën, walioiita "La Croisière noire". Tarehe 28 Oktoba 1924 magari nane yenye minyororo nyuma yalitoka Colomb-Béchar, Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yalivuka Sahara, yakapita Oubangui-Chari, yakaingia Kongo ya Wabelgiji, yakafika Kampala, kiisha yakagawanyika vikundi vinne mpaka Madagascar katikati ya 1925. Kulikuwa na mchoraji, Alexandre Iacovleff. Kulikuwa na mtengeneza sinema, Léon Poirier, na filamu ilionyeshwa Paris 1926.

Hapo Haut-Uele walikaa na Wamangbetu. Walimpiga picha na kumchora mwanamke mmoja, Nobosodru, mke wa chifu Ekibondo, kwa upande, ile nywele imeinuliwa juu na kichwa kimerefushwa kwa desturi yao. Bila shaka mumekwisha kuiona picha hiyo hata kama hamujui jina. Na munajua ilifika wapi? Mchongaji mmoja wa Ufaransa, François Bazin, alitengeneza kichwa cha Nobosodru kwa chuma ili kiwekwe juu ya kofia ya radiatere ya motokari. Leo hii wapenzi wa magari ya zamani wanakitafuta minadani. Mama wa watu, juu ya kofia ya radiatere, anakata upepo.

Sisemi hivi ili tukasirike halafu tuende kulala. Nasema juu ni swali la ukosoaji: nani ndani ya safari anahitaji nani? Ndani ya filamu ya Poirier magari hayahitaji mutu yeyote. Mafuta yamewekwa mbele tayari, chakula kimewekwa mbele, watu wa njiani ni mandhari, wanacheza ngoma na kamera inaendelea. Ndani ya kitabu cha Zapp ni kinyume: gari ni zee, wenyewe hawana pesa, na watu wa njiani ndio wanaoshika usukani wa hadithi. Herman hawezi kumfanya mutu kuwa kipambo wakati mutu huyo ndiye anayelala chini ya gari lake na mafuta machafu usoni. Hayo ndiyo yaliyonifanya niache kusema "mambo ya wazungu". Uzee wa motokari uliwapunguza kiburi, na hii ni faida ambayo haiwezi kununuliwa pamoja na motokari mpya.

Lakini kuna jambo lililonisumbua zaidi, na halimo ndani ya kitabu.

Baba mdogo wangu aliendesha kamyo ya Mercedes ya miaka ya 1970, Bukavu–Kamituga, miaka mingi sana. Wale wanaojua ile njia wanajua. Wale wasioijua, ni karibu kilomita 180 na wakati wa mvua hakuna mutu anakuambia utafika lini, anakuambia tu ulitoka lini. Nilipokuwa mwaka wa pili, wakati wa likizo, nilipanda naye. Siku nne kwenda. Nakumbuka konvoyeri anaruka chini na kipande cha mbao kila tunapopanda mlima, anakisukuma nyuma ya gurudumu ili kamyo isirudi, anakichukua, anakimbia, anakisukuma tena. Nakumbuka tangi lilipopasuka kidogo, baba mdogo akatoa sabuni ya kufulia, akaipaka ku ule ufa kama mutu anapaka mtoto mafuta, na hatukupoteza mazuti tena siku hiyo. Juwan ya motere ikaungua, akakata ingine kwa katoni ya sabuni ile ile. Namwona bado, anapima kwa ulimi wa meno nje, na kisu cha jikoni.

Usiku wa pili tulilala kwa mama mmoja ambaye hakutuuliza majina. Alipika lengalenga na bugali, akamwambia baba mdogo: "Ile kamyo yako ingali inatembea? Mie nilisema utaiacha ku bonde mwaka jana." Akamjibu: "Mama, hii itanizika mie." Wakacheka. Ku baryeri moja, siitaji wapi, tulisimama masaa sita juu ya karatasi ambayo mutu aliyetusimamisha hakuweza kuisoma. Baba mdogo alilala chini ya kamyo. Alisema hapo ndipo mahali pekee ambapo hawawezi kukuomba kitu.

Sasa niambieni: motokari ya zamani, safari ndefu, fundi wa kila kilomita, mlango unaofunguka, chakula cha mutu asiyekujua. Kuna tofauti gani na Macondo Cambalache? Tofauti niliyoiona kwanza ni kwamba mmoja alichagua na mwengine alikuwa anatafuta karo ya watoto. Ni kweli, na si ndogo. Mutu anayechagua gari la 1928 anaweza siku moja kuliegesha na kulipiga picha. Baba mdogo hakuwa na gari ingine nyuma ya nyumba. Kwa wenzetu wa kule gari lenye umri huo ni mali ya kutunzwa, lina chama chake, maonyesho yake, bima yake ya pekee. Kwetu gari la miaka arobaini ni kamyo tu. Hakuna anayeliita la zamani, linaitwa "ile ya fulani".

Lakini tofauti ya pili ndiyo inayoniuma, juu hiyo haitokani na pasipoti wala na pesa. Candelaria na Herman waliandika. Waliandika kwa Kihispania chao, wakatafsiri, wakachapisha, wakauza kitabu njiani, na kitabu kikawalipia petroli. Si waandishi wakubwa, nimekwisha kusema. Sentensi zao ni za kawaida, mahubiri yao yanachosha. Lakini fundi aliyewachongea pyese yuko ndani ya kitabu mpaka leo. Mama yule wa lengalenga yuko wapi? Yuko ndani ya kichwa changu, na kichwa changu kimeshamsahau sura. Nilikuwa na diplome ya Letters njiani, nilikuwa na daftari ndani ya sakoshi, siku nne kwenda na tatu kurudi, na daftari lile nililitumia kuandika hesabu ya mikopo ya kredi ya simu. Nimelitafuta. Ndiyo hesabu tu iliyomo.

Kamyo yenyewe iliuzwa kama vyuma mwaka juzi. Walikuja na shalimo, wakaikata pale pale uani kwa muda wa asubuhi mbili. Niliambiwa ku simu, nikasema "pole baba", nikaendelea na kazi yangu.

Kwa hiyo yule aliyesema ku kikundi kwamba kitabu hiki hakituhusu, namjibu hivi: kinatuhusu kwa aibu. Na yule aliyesema kwamba kinatufundisha kufuata ndoto, namjibu kwamba mimi sikukisoma hivyo. Nilikisoma kama kitabu cha watu wawili wasio na kipaji kikubwa ambao kila jioni, wakiwa wamechoka, na mikono inanuka mafuta, waliandika jina la mutu aliyewasaidia siku hiyo. Kama kikundi kinataka kunipa nota, nakipa kitabu 13 juu ya 20. Pointi tano zimeondoka ku mahubiri, mbili ku ile pasipoti isiyotajwa.

Jumapili iliyopita nilienda kwa baba mdogo. Nilimpelekea sukari na nikamwambia nataka anieleze safari zake, zote, tangu ya kwanza. Aliniangalia kama mutu anayemwangalia mkusanya kodi. "Juu ya nini, mutoto yangu? Kuna mutu anaulizia?" Nikasema hakuna, ni mimi. Akanyamaza. Kiisha akaita mama mdogo, akamwambia alete ile sanduku ya bati.

Ndani kulikuwa na daftari tatu. Si hadithi, ni matumizi: tarehe, mazuti, baryeri, pyese, chakula, konvoyeri. Nusu ya daftari la kwanza haipo, mama mdogo alisema ilitumika kuwashia makala wakati wa vita, na hakuomba radhi. Nikafungua katikati. Mstari mmoja unasema: "Sabuni 2, tangi." Nikamuuliza ni safari ile yetu? Akavaa miwani, akasoma tarehe, akasema hapana, hiyo ni ingine, hiyo ni siku walipolala mtoni na mbuzi za mutu zikala nusu ya kamba. Akaanza kucheka kabla hajaanza kueleza.

Sikuwa na kitu cha kurekodi, simu ilikuwa imezima. Nimeazima betri ya nje kwa jirani. Jumapili hii narudi, na kama kuna mwanachama aliye na rekoda nzuri, aniandikie ku inbox.